Machozi ya Ubeti wa Tatu

Kanisa letu la Akheri lilikuwa na harufu yake ya Jumamosi mchana ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Ilikuwa harufu ya sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi na kukataa kukauka, kwa sababu huku mlimani ukungu hauna msimu wa kupumzika. Ndani yake kulikuwa na nta ya mishumaa, soksi mbichi za watoto waliotembea kwenye majani, na mikungu ya ndizi za sadaka iliyowekwa chumba cha nyuma ikisubiri Jumapili, na kila mara ulikuwapo mmoja ulioamua kuiva mapema. Mvua nyembamba ilipiga bati, migomba ikachuruzika nje, na ndani Mwalimu Nnko akagonga meza kwa kalamu mara tatu, tukanyamaza. Mwalimu Nnko alitufundisha hesabu siku za wiki na kutuimbisha Jumamosi, na kazi zote mbili alizifanya kwa sura ileile ya mtu anayesubiri jibu ambalo darasa zima limelikosa. Hapo ndipo nilipoumalizia mwaka wangu wa kumi na moja, mstari wa mbele, mwisho kabisa, nikilia kwa jicho moja.

Nieleze kwanza habari za jicho lenyewe. Nilizaliwa nalo hivyo. Jicho langu la kushoto lilitoa machozi wakati wote, niwe nacheka, nala au nachota maji, na asubuhi liliamka limegandana kwa matongotongo ya manjano mpaka mama alilainishe kwa pamba na maji ya vuguvugu. Halikuwa linauma. Mama alijaribu yote aliyoyajua: alimwomba jirani aliyekuwa ananyonyesha anikamulie maziwa jichoni, akaniosha kwa maji ya majani ya chai yaliyopoa, akanipeleka zahanati tukapewa dawa ya kupaka. Dawa ya zahanati ililikausha jicho kwa wiki moja, tukafurahi, kisha likarudia kazi yake. Bibi, mama mzaa baba, alisema ni moshi, akanipiga marufuku kuingia jikoni, na kwa kuwa jikoni ndiko zilikokuwa ndizi za kuchoma, niliuchukia huo moshi kwa dhati. Nilikaa nje karibu mwaka mzima, na jicho likaendelea kutiririka nje vilevile. Mwishowe kila mtu alizoea. Jina langu ni Elirehema, shuleni wakaniita Eli wa Machozi, nami nikaitika.

Kilichobadilisha mambo ni Ijumaa Kuu moja. Kwaya ya watoto ilisimama kuimba, mimi nikiwa mstari wa nyuma na sauti yangu nzito, na katikati ya wimbo mama mmoja mzee aliyekaa benchi la mbele akaniona. Aliona shavu limeloa, machozi yanadondoka kidevuni, na uso wangu umetulia kabisa, kwani kwangu hiyo ilikuwa hali ya kila siku. Akaanza kulia yeye. Jirani yake akageuka kuangalia anachokiangalia mwenzake, naye akalia. Ibada ilipokwisha walinizunguka nje, wakanishika kichwa, wakamwambia mama kwa Kimeru na Kiswahili vikichanganyika kwamba binti huyu ameguswa, kwamba watoto wa siku hizi wanaimba huku wanachungulia dirishani lakini huyu anaimba kwa moyo. Mjue kwamba watu wetu si wepesi wa kulia hadharani. Walutheri wa mlimani tunaimba tumenyooka kama tuko mbele ya mkaguzi wa shule, na mtu akitoa machozi kanisani bila msiba, basi lipo jambo. Mama alifungua mdomo aeleze habari za zahanati, kisha akaufunga. Simlaumu. Kwa miaka kumi watu walikuwa wakimuuliza mtoto wake ana nini, na siku hiyo kwa mara ya kwanza walimuuliza amemleaje.

Mwalimu Nnko hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kikae mstari wa nyuma. Jumamosi iliyofuata alinihamishia mbele, akanisimamisha mwisho wa mstari, akanigeuza kidogo ili shavu langu la kushoto lielekee upande wanakokaa akina mama. Tatizo lilikuwa moja tu: mstari wa mbele ulikuwa wa sauti ya kwanza, na mimi sauti ya kwanza sikuiweza hata kwa ngazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Wewe Eli fungua mdomo tu, imba polepole. Mengine yatajieleza." Tangu siku hiyo niliimba kwa kunong'ona. Tulialikwa kwenye kipaimara, kwenye harusi, kwenye kuaga wachungaji na kupokea wachungaji, na kila tulipokwenda kulikuwa na mtu aliyetafuta kitambaa mkobani kwa sababu yangu. Naona aibu kidogo kusema, lakini nilipenda sana. Mtoto aliyekuwa anafukuzwa jikoni alikuwa sasa anapewa kiti mbele ya wageni.

Tena niliongeza ujanja wangu mwenyewe. Kwenye kona ya jicho, pale kati ya jicho na pua, palikuwa na kinundu kidogo laini, na nilikuwa nimegundua kwamba nikikibonyeza, machozi yanajaa ghafla na kumwagika kwa mkupuo. Wakati huo tulikuwa tunaimba wimbo wa mwana mpotevu. Ubeti wa kwanza anaondoka, ubeti wa pili anakula na nguruwe, na ubeti wa tatu baba yake anamwona kutoka mbali. Tulipoufikia ubeti wa tatu nilijifanya najikuna pua, nikabonyeza, na shavu likaloa palepale baba alipoanza kukimbia. Hakuna aliyejua. Mwalimu Nnko mwenyewe alikuwa ananitupia jicho tukiukaribia ubeti huo, nami sikumwangusha hata mara moja. Nilijiona fundi.

Yakaja mashindano ya kwaya za watoto, yaliyopangwa kufanyika Jumapili kwenye usharika mwingine kule chini karibu na lami. Sisi hatukuwahi kushinda chochote. Tulikuwa na ngoma moja na kalamu ya Mwalimu Nnko, na wenzetu walikuwa na vinanda. Lakini mwaka ule watu walisema wazi kwamba tunaye Eli, na mimi nililichukua neno hilo nikalala nalo. Siku ya Alhamisi niliamka nikasikia kile kinundu kimekuwa kigumu, kinauma, na ngozi yake ina joto. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, mama alitoka kukiwa bado na umande na kurudi amechoka, kwa hiyo haikuwa kazi kumficha. Nilivuta skafu mpaka kwenye nyusi, nikasema nasikia baridi. Kilichoniogopesha hakikuwa maumivu. Nilichoogopa ni kwamba wataniacha nyumbani, na kwamba wakiniacha watagundua kuwa bila jicho hili mimi ni mtoto wa kawaida mwenye sauti nzito.

Ijumaa tulikuwa na mazoezi ya ziada. Uso ulikuwa umevimba mpaka kwenye pua na nilihisi mapigo ya moyo wangu kwenye kona ya jicho. Niliimba ubeti wa kwanza nimekaza meno, wa pili nikimshika mwenzangu mkono, na tulipofika kwenye ubeti wa tatu nikapeleka kidole mahali pake kwa mazoea. Maumivu yaliyonipata siwezi kuyasimulia vizuri, niliona weupe. Na safari hii hayakutoka machozi. Neema, aliyesimama karibu yangu, aliacha kuimba akapiga kelele, "Mwalimu! Eli anatoa usaha!" Kwaya ikanyamaza. Mwalimu Nnko akaja, akainama, akaniangalia kwa muda mrefu. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika mara mbili, kwanza ukashtuka, kisha ukaanza kupiga hesabu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Keshokutwa utaweza, mwanangu?" Nikasema naweza. Wote wawili tulijua kwamba mmoja wetu alipaswa kusema hapana.

Kulipokucha Jumamosi jicho lilikuwa limefunga kabisa na mwili unawaka. Mama aliiondoa skafu, akaniona, akakaa kitandani. Alinyanyuka akavaa gauni lake la kanisani, jambo lililoniambia kwamba tunakwenda mbali. Tulikuwa bado uani pikipiki ya Mwalimu Nnko ikaingia. Alikuja kujua hali yangu, na mkononi alikuwa na sare yangu ya kwaya iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu," mama alisema.

"Marahaba, Mama Eli. Vipi mgonjwa wetu?"

"Haimbi. Ninampeleka mjini."

Nilianza kulia, kulia kweli, na kulia na jicho lililovimba ni adhabu. Nilimwambia mama anaiharibu kwaya, nikamwambia Mungu atakasirika. Mama alimwangalia mwalimu. Mwalimu Nnko aliiangalia sare mkononi, akaikunja, akaiweka juu ya ndoo ya buni. "Pandeni," akasema. Alitushusha wote wawili kwa pikipiki ile kwenye udongo unaoteleza mpaka lami, mama akinishikilia kwa nyuma na kuomba kwa sauti kila tulipokata kona, akatusimamishia gari, na hakuondoka mpaka tulipopanda. Kwaya yake ilikuwa inamsubiri kanisani muda wote huo.

Hospitalini mjini alitupokea daktari wa macho, dada mdogo tu kwa umri, aliyenawa mikono kabla na baada ya kunigusa. Alituchorea kwenye karatasi. Machozi hutengenezwa juu ya jicho, akasema, yakishalisafisha jicho huingia kwenye vitundu viwili vidogo pembeni, hujikusanya kwenye kifuko, kisha hushuka kwa mfereji mwembamba mpaka puani. Mfereji wangu wa kushoto haukuwahi kufunguka. Machozi yalikosa pa kwenda yakamwagika nje, na yaliyobaki kwenye kifuko yalituama, na sasa kifuko kimeoza. Usaha ule ungeweza kupenya nyuma ya jicho na kulipofusha, au kufika mbali zaidi ya hapo. Kisha akamgeukia mama.

"Hili jicho limeanza kutoa machozi lini?"

"Tangu alivyozaliwa."

"Miaka yote hiyo mlifanya nini, mama?"

Mama aliangalia mikono yake. "Tulimshukuru Mungu," akasema.

Daktari hakucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Mimi ndiye niliyeuliza swali lililokuwa linanichoma: nikipona, nitaendelea kulia kwenye kwaya? "Utalia ukiwa na sababu," akasema. Nililiona ni jibu baya kuliko yote niliyowahi kupewa.

Nililazwa. Kwa siku kadhaa nilichomwa sindano, nikawekewa kitambaa cha maji ya moto, na uvimbe ukatumbuliwa. Jumatatu Mwalimu Nnko alikuja na mfuko wa maparachichi, akasema kwamba kwaya imekuwa ya tatu. Nilimuuliza nani alisimama mahali pangu. "Hakuna," akasema. "Walisogea hatua moja." Niligeukia ukutani. Akaongea na mgongo wangu. "Elirehema, Ijumaa niliona usaha, na bado nikakuuliza kama utaweza. Mtu mzima hamuulizi mtoto swali la namna hiyo. Unisamehe." Sikuwa nimewahi kusikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha, na sidhani kama nilijua kuwa jambo hilo linaruhusiwa. Niligeuka. Nikamweleza siri yangu ya kidole, kwa sababu niliona naye ananidai ukweli. Alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka mpaka muuguzi akaja kumtoa.

Upasuaji ulifanyika wiki chache baadaye, kifuko kilipopoa. Nilipewa dawa ya usingizi, daktari akafungua njia mpya kutoka kwenye kifuko kwenda puani kupitia kifupa kilichokuwa katikati, akaacha humo kijimrija chembamba ili njia isijizibe. Miezi kadhaa baadaye alikitoa, akaniketisha kwenye kiti kirefu, akaingiza maji kidogo kwenye kitundu cha kona ya jicho kwa sindano isiyo na ncha. Kipimo hicho alishawahi kunifanyia kabla ya upasuaji, na maji yote yalirudi yakamwagika shavuni. Safari hii hayakurudi. Nilihisi ubaridi ukishuka ndani ya pua, na ghafla nikaonja kooni. "Chumvi!" nikasema. "Mama, naonja chumvi!" Daktari alipiga makofi. Mama aliomba arudie tena ili ahakikishe, akarudia, na chumvi ikaja tena.

Niliporudi kwenye kwaya shavu langu lilikuwa kavu, na nilikwenda kusimama mahali pangu pa zamani mwisho wa mstari wa mbele nikiwa na wasiwasi wote wa dunia. Mwalimu Nnko alinisikiliza nikinong'ona ubeti mmoja, akagonga meza. "Toka hapo. Nenda nyuma kwa sauti ya pili, na usininong'onee tena." Nilikwenda nyuma, nikajibanza kati ya dada wawili warefu, na tulipoanza nikaimba kwa sauti yangu yote kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Sauti ikatoka. Ilikuwa nzito, imenyooka, na dada wa kulia akaniinamia kusikiliza ili aipate yake. Akina mama wa benchi la mbele walinitafuta kwa macho wiki mbili tatu, wakakata tamaa, wakaanza kusikiliza nyimbo. Mwaka uliofuata Mwalimu aliniachia ubeti mzima wa peke yangu, nikiwa palepale nyuma, hakuna aliyeniona. Ile furaha ya mwanzo, ya watu kutafuta vitambaa, sikuwahi kuililia tena.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, ambako kuanzia asubuhi mafundi wanagonga bodi za magari na hakuna moshi wa jikoni wa kusingizia. Mwaka jana nilijifungua binti. Mama alishuka kutoka Akheri na ndizi zake kunipikia mtori, na wiki ya tatu, nikiwa nambadilisha mtoto nepi, niliona jicho lake la upande wa kulia limeloa. Nililifuta. Likaloa tena. Nikamwita mama, naye akaja na mwiko mkononi, akaangalia, akausahau mtori ukaungua. Siku hiyohiyo tulikuwa kliniki. Muuguzi, kijana mwenye haraka zake, hakushtuka hata kidogo. Alinawa mikono, akaweka kidole kidogo kwenye kona ya jicho la mtoto, akabonyeza kwa upole na kukiteremsha kando ya pua, mara kumi. Fanyeni hivi mara kadhaa kwa siku, akasema, kucha ziwe fupi. Wengi mfereji wao hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka, asipofunguka tutampeleka kwa daktari, na pakivimba au pakiwa pekundu msingoje hata siku moja. Nilimwambia kwamba mimi nilibonyeza langu nikiwa na miaka kumi na moja. "Ulichelewa, dada," akasema, akaita namba inayofuata.

Lakini mama hakusogea. "Ni hivyo tu?" akamuuliza.

"Hivyo tu, bibi."

Mama alikaa kwenye benchi la korido, mkoba wake mapajani, akarudia peke yake, hivyo tu. Nilijua anahesabu asubuhi zote za pamba na maji ya vuguvugu, na zile sifa za nje ya kanisa, na ule usaha. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyemwonyesha, kwamba zahanati yenyewe haikujua, kwamba hata hivyo pengine langu lisingefunguka. Yote ni kweli na hakuna hata moja ambalo lingemfaa. Nikakaa karibu yake nikamwekea mtoto mapajani. "Mama," nikasema, "mimi mikono yangu inatetemeka. Hii kazi ni yako."

Aliniangalia kama anayehakiki kwamba simtanii. Kisha akafungua mkoba, akatoa kiwembe, akakata ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kulia hadi mwisho, akaenda bombani kunawa, akarudi, akanawa tena. Tangu siku ile ni yeye aliyefanya, asubuhi, mchana na jioni, akihesabu hadi kumi kwa Kimeru, akinipigia kelele nikichelewesha maji ya vuguvugu. Alipanga kukaa mwezi mmoja akakaa mitano. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe jicho lilikuwa kavu, na mama akafunga mizigo yake akapanda mlimani, ambako amemwambia kila mtu, kuanzia benchi la mbele mpaka la mwisho, kwamba yeye ndiye aliyelifungua jicho la mjukuu wake kwa kidole hiki hapa. Muuguzi alisema wengi hufunguka wenyewe. Mimi sijamwambia mama, na wala sina mpango huo.